Mhariri wa picha anayejitegemea: mtu anayelipwa kuondoa huandika nini kwenye ankara?

FremuYaMwisho ameuliza:

Habari zenu wakuu. Nimekaa dawati la picha la gazeti miaka tisa. Kazi yangu ilikuwa kufungua picha zilizoingia usiku, kuchagua, kuandika maelezo, kisha kugombana na wasanifu wa kurasa kuhusu nani akatwe kichwa na nani abaki mzima. Huu ni mwezi wa tatu niko nje. Sikufukuzwa, niliaga mwenyewe, ingawa ningechelewa kidogo wangeniaga wao.

Tangu nitoke nimepata kazi za aina tatu, na zote zimekuja kwa mlango mmoja: mtu kanipigia simu akasema "wewe una jicho, hebu niangalizie." Wa kwanza ana picha 2,600 za mradi wa miaka minne, anataka kitabu. Wa pili si mtu mmoja, ni kikundi cha wapiga picha sita wanaotaka maonyesho ya pamoja, na hakuna hata mmoja aliye tayari kupunguza zake. Wa tatu ni kituo cha mafunzo kinachotaka nifundishe wiki nane. Nifundishe nini? Wamesema tu "mambo ya picha."

Kwanza, natozaje? Dawatini nilikuwa na mshahara, sikuwahi kujiuliza kuchagua picha moja kunakula muda gani. Huyu wa kitabu nimeshakaa naye jioni kumi na moja na bado tunaita "kusaidiana."

Pili, mmoja wa wale sita ameomba pia kuingia darasani kwangu. Kichwani sioni tatizo, ila moyo unakataa.

Tatu, na hili naona aibu kuliandika: mimi si mpiga picha mzuri. Nikisimama mbele ya wanafunzi wakataka kuona kazi zangu nitawaonyesha nini?

Naomba waliopita njia hii waniambie. Maneno ya kunitia moyo ninayo ya kutosha, nitumieni makosa yenu.

---

Bi Kopi amejibu:

Mdogo wangu, kama ni makosa umefika kwa mwenye mali. Nina miaka kumi na saba nikifanya hizo kazi tatu bila mwajiri.

Nianze na fedha maana ndizo zinazokunyima usingizi. Mwaka wangu wa kwanza nilitoza kwa idadi ya picha. Nilijiona mjanja: kitabu cha picha sitini, sitini mara kiwango changu, tumemaliza. Kikaja kitabu cha picha thelathini. Kazi yake ilikuwa mara mbili ya kile cha sitini, malipo nusu. Nilikaa na ile ankara mbele yangu nikaielewa polepole. Nilikuwa nalipwa kwa picha zinazobaki, ilhali mchana kutwa nashughulika na zinazotoka. Kila nilipoondoa picha dhaifu nilikuwa najikata mshahara mwenyewe, na mhariri mwenye njaa huanza kuona uzuri mahali ambapo haupo.

Nikahamia kwenye saa. Saa nazo zinamwadhibu anayeona haraka, na mpiga picha anayelipa kwa saa hutazama saa badala ya meza.

Sasa natoza kwa hatua. Hatua ya kwanza naangalia kila kitu, hata faili alizozitupa kwenye folda ya "mabaki" (hasa hizo), na mwisho wake anapata mchujo wa kwanza pamoja na barua ya kurasa mbili inayomweleza mradi wake unahusu nini. Mara nyingi sicho alichoniambia tulipokutana. Hapo anaweza kuniacha tukaagana vizuri. Hatua ya pili ni mpangilio: picha ipi inafungua, ipi inafuata, wapi msomaji apumzike. Vikao vitatu, na mkataba unasema vitatu. Cha nne kina bei yake. Hatua ya tatu ni kuandamana naye hadi kwa msanifu, mchapaji au mwenye ukumbi. Kila hatua nusu inalipwa kabla sijafungua faili.

Huyo wa jioni kumi na moja umeshamsaidia, imekwisha. Mwandikie leo, kwa adabu, kwamba jioni ya kumi na mbili ina mkataba. Akikasirika utakuwa umepoteza mteja ambaye hukuwa naye.

Na hizo 2,600 zisikutishe. Mpiga picha Robert Frank alizunguka Marekani katikati ya miaka ya 1950 akarudi na roli 767 za filamu, yaani fremu zaidi ya 27,000. Alichapa kopi za kazi, za kuchagulia tu, zaidi ya elfu moja, nyingine ukutani, nyingine sakafuni, akaishi nazo humo humo ndani. Kitabu kilipotoka Paris mwaka 1958 kilikuwa na picha 83. Hesabu hiyo nawatajia wateja kabla hatujaanza, ili siku nikifika kwenye picha wanazozipenda wasidhani nina chuki nao.

Lakini mkono unaoondoa nao uogopwe. Roy Stryker, aliyeongoza mradi wa picha wa serikali ya Marekani miaka ya 1930, negativi alizozikataa alikuwa akizitoboa tundu kwa mashine. Wapiga picha wake walilalamika sana. Ukizichapa leo unaona duara jeusi, wakati mwingine juu ya uso wa mtu, wakati mwingine angani kama jua lililoungua. Zipo zenye nguvu kuliko nyingi zilizopita mchujo wake.

Mimi sijatoboa kitu, ila nina langu. Alikuja mtu na picha za baba yake, mwaka wa mwisho wa mzee akiwa nyumbani. Faili 1,340. Tulichapa kopi 180 za ukubwa wa kiganja nikazitandaza kwenye meza mbili zilizounganishwa. Kulikuwa na moja ya ovyo kabisa: mkono kwenye swichi ya taa, ukungu mtupu, nusu ya fremu ni ukuta, pembeni kivuli cha kitu nisichokijua. Siku ya kwanza niliigeuza kifudifudi. Siku ya pili nikaikuta imelala chali katikati ya meza. Nikaiondoa. Siku ya tatu iko pale tena, safari hii imechomekwa chini ya nyingine, kona tu ndiyo inaonekana, kama mtoto aliyejificha nyuma ya pazia akasahau miguu. Nikamuuliza kwa sauti ya mtu aliyechoka: hii inafanya nini humu?

Akasema, "Hiyo kaipiga yeye."

Mzee alikuwa ameiokota kamera mezani usiku, akaupiga picha mkono wake mwenyewe ukizima taa. Katika faili 1,340 ilikuwa hiyo moja. Kwa siku mbili nilikuwa nikimtoa baba kwenye mradi wa baba.

Tuliiweka mwisho wa maonyesho, tukaitundika kubwa. Mpaka leo naona tuliitundika kubwa mno. Ilitakiwa ibaki ya kiganja kama ilivyokuwa mezani. Majuto yaliongeza vipimo. Ila tangu hapo, picha ikirudi mezani mara ya pili siiondoi tena kabla sijauliza.

Sasa huyo mwanafunzi wako. Moyo wako usikilize. Nilimfundisha kijana mmoja, hodari kweli. Mwaka uliofuata nikamchagua kwenye maonyesho niliyoyaratibu. Mwaka uliofuata nikahariri mradi wake. Kisha nikaalikwa kuwa mmoja wa majaji wa shindano, na mradi ule ule ukaletwa mbele yangu. Majina yalikuwa yamefichwa, lakini mpangilio ule niliupanga mimi kwa mikono yangu, ni kama kuulizwa iwapo unaujua mwandiko wako. Nilikuwa na nafasi ya kusema "huyu namjua, nakaa pembeni." Nikanyamaza. Akapata nafasi ya tatu. Hakuna aliyegundua, na yeye mwenyewe alistahili, pengine hata ya pili. Lakini kuna mtu alikuwa wa nne, na huyo simjui jina.

Kwa hiyo kufundisha mtu na kumwonyesha si dhambi. Dunia ya picha ni ndogo, utakutana nao wale wale. Kosa ni wengine kuja kulijua baadaye. Waandikie hao sita barua moja, wote wasome sentensi ile ile: fulani atakuwa mwanafunzi wangu, kwa hiyo kwenye picha zake kauli ya mwisho atakuwa nayo mtu mwingine mtakayemchagua ninyi. Ni usumbufu wa siku moja.

La aibu yako nalipita haraka kwa sababu si tatizo. John G. Morris ndiye aliyekuwa mhariri wa picha wa jarida la *Life* kule London mwaka 1944, picha za mpiga picha wa vita Robert Capa, za wanajeshi wakishuka pwani ya Normandy, Ufaransa, zikapita ofisini mwake. Baadaye alifanya kazi Magnum, shirika la wapiga picha, kisha magazeti ya *Washington Post* na *New York Times*. Jina lake halikujengwa na kamera. Wanafunzi wakitaka kuona kazi zako waonyeshe meza: kopi arobaini za mtu mmoja, ulivyozipokea na ulivyoziacha, na uwaeleze kila iliyotoka ilitokea mlango gani.

Na darasani usichukue zaidi ya wanane. Kila mmoja anahitaji robo saa ya kuangaliwa, wanane ni saa mbili, na baada ya saa mbili jicho lako linaanza kusema uongo. Wiki ya kwanza wape zoezi hili: kila mtu alete picha kumi zilizochapwa, hata kwa printa mbovu ya ofisini, abadilishane na jirani, na jirani apange tano bila mwenye picha kusema neno. Mwenye picha anyamaze kabisa. Wengine hutoka jasho. Kwenye skrini zoezi hili halifanyiki vizuri, maana skrini huonyesha picha moja baada ya nyingine, wakati mpangilio unahitaji uone kumi kwa mpigo na uweze kuzisogeza kwa kidole.

---

Msumari amejibu:

Bi Kopi kasema ya mezani, mimi niseme ya ukutani maana huko ndiko ninakoitwa wakati waratibu wameshagombana.

Dada, hao sita usiwagawie idadi ya picha, wagawie mita. Pima ukuta. Tuseme una mita 24 zinazotumika, toa milango na swichi. Kila mmoja mita nne. Anayetaka kuweka kumi aziweke ndogo, anayetaka mbili kubwa ni shauri lake. Wataanza kupunguza wenyewe bila wewe kuonekana mbaya. Ukishaona walichochagua, ndipo uwaombe ruhusa ya kuchanganya kuta, picha ya huyu ikae karibu na ya yule. Ukianza na kuchanganya watakufukuza.

Kutundika kuna hesabu moja tu na watu wazima wanaikosea. Katikati ya picha ikae sentimita 150 kutoka sakafuni, kumbi nyingi hucheza humo humo. Fremu yako ina kimo cha sentimita 60? Nusu yake 30, ongeza kwenye 150, unapata 180, hapo ndipo ukingo wa juu. Sasa vuta waya nyuma ya fremu kama vile imeshatundikwa, pima kutoka kilele cha waya hadi ukingo wa juu. Ikiwa ni tano, msumari unapigwa 175. Fremu inayofuata ipimie waya wake upya! Nimeona ukuta mzima unapanda na kushuka kama mawimbi kwa sababu mtu alipima waya mmoja akaamini kumi.

Kabla hamjaahidiana ukubwa, fungueni faili. Faili ya pikseli 6,000 kwa 4,000, ambayo ndiyo ya kamera nyingi za megapikseli 24, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi inatoa kama sentimita 51 kwa 34. Unaweza kwenda kubwa zaidi, picha ya kutazamwa kwa mbali haidai nukta zote hizo, lakini mtu akikuletea faili aliyoitoa kwenye simu ya rafiki yake na anataka mita moja, mwambie mapema. Mimi niliwahi kuambiwa usiku wa kuamkia ufunguzi.

Jambo jingine ni lebo. Jina, mwaka, mahali, na nani yumo kwenye picha ikiwa anajulikana na ameridhia. Mwaka 1991 New York kulifanyika maonyesho makubwa ya sanaa ya Afrika. Picha za Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali, zilitundikwa humo zikiandikwa kwamba mpiga picha hajulikani. Mtu mwenyewe alikuwa hai, yuko Bamako, mji ule ule aliofungulia studio mwaka 1948. Baadaye ilibidi mtu asafiri kwenda kumuulizia, na akampata. Kila nikiona mratibu anaandika "hajulikani" huwa namuuliza: umeuliza wangapi?

---

KameraMkononi amejibu:

Naona wahariri na waratibu wanapongezana humu. Niseme upande wa aliyehaririwa.

Mimi nilimpa mhariri mmoja kazi yangu ya miaka sita. Alikuwa na jicho, sikatai. Alipomaliza nilipokea mpangilio mzuri ajabu ambao sikuujua. Picha zangu zilikuwa zinasema maneno yake. Siku ya ufunguzi watu walimpongeza yeye kwanza, nami nikajikuta nampongeza pia. Mbili zilikuwa zimekatwa kingo. Moja ilipoteza mguu wa mwanamke aliyekuwa anatoka kwenye fremu, na mguu ule ndio ulionifanya nibonyeze.

Hili si jipya. Mratibu Edward Steichen mwaka 1955 pale Museum of Modern Art, New York, alikusanya picha 503 za wapiga picha 273 kutoka nchi 68, zikachapwa kwa vipimo vya maonyesho, nyingine kubwa ukutani nyingine ndogo. Ni sauti moja, ya Steichen. Watu mamilioni waliipenda na mimi mwenyewe ningeenda kuiona. Lakini ukiwa mmoja wa wale 273, wewe ni tofali tu kwenye nyumba ya mwingine. Kama umekubali kuwa tofali, sawa. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Kwa hiyo dada FremuYaMwisho, miaka tisa ya dawatini imekuzoesha kukata bila kuomba. Huko ukurasa ulikuwa wa gazeti. Huku nje picha ni ya mwenyewe na haki yake hainunuliwi na ankara yako. Andika kwenye mkataba: hakuna kukata kingo bila ruhusa ya maandishi. Usimchanganyie mtu folda zake. Fanyia kazi nakala, asili mrudishie na majina yale yale ya faili. Na kila uliyoitoa mwachie orodha yake, siku moja atataka kuirudisha. Jina lako liandikwe ndani, kwa herufi za kawaida.

Bi Kopi, ile ya swichi imenigusa. Lakini alikurudishia picha mara mbili kimya kimya kwa sababu alikuogopa. Hilo hukulisema.

---

Bi Kopi amejibu:

KameraMkononi, umenipiga mahali penyewe. Ni kweli, aliniogopa, na mimi nilifurahia kuogopwa siku zile, niliita heshima. Sasa kikao cha kwanza huanza na mwenye picha kuchagua tatu ambazo hazitoki hata nikilia. Tatu tu. Ananiambia zipi, haniambii kwa nini. Huwa napewa moja nzuri, moja mbaya, na moja ambayo tunakuja kuielewa wiki ya tatu.

Kuhusu kingo sibishani nawe kabisa, mguu ule ulitakiwa ubaki.

---

FremuYaMwisho amejibu:

Asanteni sana wote, na KameraMkononi asante zaidi, umenichoma lakini umenitoa dawatini.

Taarifa ya wiki: mtu wa kitabu nilimwandikia. Alikaa kimya siku nne, nikajua nimeharibu. Siku ya tano ameleta nusu ya hatua ya kwanza na sentensi moja: "Nilidhani unafanya kwa sababu unapenda." Sijui kama ni pongezi au lawama. Nimeanza kuangalia zote 2,600.

Wale sita barua wameipata. Watano wamesema sawa. Wa sita, yule yule anayetaka darasa, amechukia, anasema nimemwonyesha kama mwizi. Nimempigia simu, tumezungumza saa nzima, atakuja darasani na picha zake zitaamuliwa na mwenzake mmoja. Bado ana kinyongo.

Kituo nimewapelekea mpango wa wiki nane, wanafunzi wanane. Wametaka ishirini. Tunavutana.

Sasa swali. Bi Kopi, ile barua ya kurasa mbili. Nimefika picha ya 1,900 na naona wazi kwamba mradi anaouelezea mwenyewe haumo. Anasema ni kuhusu mto na watu wanaoishi kando yake. Mto upo, watu wapo, picha ni safi, na hakuna kitu. Mtu ametoa miaka minne. Unamwandikiaje?

---

Bi Kopi amejibu:

Kwanza maliza zile 700. Barua haiandikwi kwenye picha ya 1,900.

Pili, neno "hakuna" liache kabisa, pamoja na ndugu zake wote: dhaifu, kavu, haijaiva. Si kwa huruma. Ni kwamba halimpi kitu cha kufanya kesho asubuhi. Mimi huandika ninachokiona, kwa namba za faili. Namna hii: "Picha ya 212, ya 640 na ya 1,877 zina mwanamke yule yule, kila mara ameupa mto mgongo. Hukunitajia. Ni nani?" Au: "Mwaka wa kwanza unasimama mbali. Kuanzia picha ya 1,100 umesogea karibu, halafu ghafla kwenye 1,450 umerudi mbali tena na hukusogea mpaka mwisho. Kulitokea nini?" Ukurasa wa kwanza wote uwe maswali ya aina hiyo, sita au saba, na kila moja limebeba namba. Ukurasa wa pili bandika picha kumi na mbili ulizoona zinaitana, hata kama hujui zinaitana kwa nini, bila maelezo.

Mara mbili nimewahi kupata jibu la mstari mmoja: "Sijui, ni bahati tu." Hao tuliagana hatua ya kwanza na hawakuwa na ubaya. Wengine hunyamaza muda mrefu, kisha inakuja barua ndefu kuliko yangu, na mto haumo ndani yake.

Ukishaituma usimpigie simu. Mpe siku kumi. Na mwanamke anayeupa mto mgongo nimembuni mimi, usiende kumtafuta kwenye zile faili. Ila ukimwona, niambie.